Nilivyomfunika Kanga Mtoto wa Tatu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya darasa zima la shule ya msingi, mwalimu wao, na swala. Nimerudi dukani Kariakoo, nimejibanza nyuma ya majora ya vitenge ili wateja wasinione macho, naandika haya haraka kabla Bhavna hajawasimulia yeye. (Bhavna ni jirani yangu, anauza bangili duka la mkabala na langu. Kwake siri haikai.)

Mnajua nimefiwa na baba. Jana ndiyo ilikuwa arobaini yake. Wengi mlimjua kama Mzee Kombo wa Magomeni, lakini kule nje ya mji, kwenye kituo wanachozalishia swala walio hatarini kutoweka, yeye ndiye aliyekuwa mama yao. Aliwalisha miaka mingi. Kila Ijumaa akija kula kwangu alitusimulia habari zao, huyu kala nini, yule kagombana na nani. Mimi nilikuwa naitikia "ehee, ehee" huku nawajibu wateja kwenye simu.

Alipolazwa, kila asubuhi aliuliza jambo moja. Si dawa, si uji. "Zaituni, Tatu keshazaa?" Tatu ni swala jike aliyemlea kwa chupa. Namjibu, "Bado, baba." (Sikuwahi kupiga simu kuuliza. Hata mara moja. Hili linaniumiza kuliko yote yatakayofuata.) Siku moja kabla hajafa akanishika mkono. "Akizaa, nenda ukamwone mtoto. Uniambie." Nikamwahidi.

Wiki iliyopita Shabani, aliyechukua kazi ya baba, akanipigia kwamba Tatu amezaa. Basi leo nikafunga duka, Bhavna naye akafunga lake, tukaenda na gari lake. Nilijitanda kanga ya mwisho aliyoninunulia baba, imeandikwa "Wema hauozi." Muuza kanga ananunuliwa kanga! Ndivyo alivyokuwa mzee wangu.

Shabani akatupokea vizuri. "Pole sana, dada. Nisubirini hapa getini nikachukue darubini, tutamwona kwa mbali. Msiingie."

"Sawa," nikasema.

Alipoondoka tu nikasukuma geti. Bhavna akaning'ang'ania mkono. "Zai, si kasema tusiingie?"

"Kawaambia wageni. Mimi hapa ni kwa baba yangu."

(Kiburi hicho! Mngekuwepo mngenizaba kofi mapema, mngenisaidia.)

Hatua kama ishirini ndani, kwenye majani, nikamwona. Kadogo, rangi ya chai ya maziwa, kamelala chini, shingo imenyooshwa ardhini. Mama yake hayupo. Nikaita, "Pss, pss." Kimya. Nzi akatua karibu na jicho. Jicho liko wazi, halipepesi. Nikasubiri kifua kiinuke, sikuona kitu.

Nikajua kafa. Nilimwahidi baba nitamwona mtoto, nitamwambia. Nimwambie nini sasa? Kwamba nimechelewa tena? Maana alipokata roho sikuwepo. Nilikuwa humu humu dukani, nafungua mzigo mpya.

Na msibani sikulia. Mimi ndiye kifungua mimba, nilikuwa na sufuria za pilau, turubai, wageni wa Tanga, nani kala na nani hajala. Watu wakanisifu, "Zaituni ana moyo." Leo moyo wenyewe ukanisaliti. Nikavua kanga, nikamfunika yule mtoto kichwa hadi kwato kama tunavyowafunika watu wetu, nikapiga magoti, nikaangua kilio. "Baba, nisameheee!" Bhavna akaja mbio, akavua ndala, akakaa chini kando yangu, akaunganisha viganja, naye akaanza kulia. Baba alikuwa hapiti dukani kwake bila kumsalimia, na salamu yenyewe nusu saa.

Sasa, ng'ambo ya uzio kulikuwa na wanafunzi wamekuja ziara. Mwalimu wao alipotuona akashtuka. "Watoto, vueni kofia! Kuna msiba. Tusimame kimya dakika moja."

Darasa zima likanyamaza. Mimi kuona nimepata waombolezaji, nikaongeza sauti. Nikatoa na simu, nikarekodi ujumbe kwenye kundi la ukoo: "Mtoto wa Tatu ametutoka." Shangazi akajibu hapo hapo: "Poleni sana. Mazishi saa ngapi?" (Hakuuliza Tatu ni nani. Shangazi huenda kwanza, huuliza akifika.)

Katikati ya ile dakika, Bhavna akanigusa.

"Zai. Kanga inatikisika."

"Ni upepo."

"Hakuna upepo, Zai."

Maiti ikasimama. Kwa miguu minne, kanga kichwani, ikaruka juu kama imekanyaga kaa la moto, ikatimua mbio. Nikapiga yowe, nikarudi nyuma, nikakalia kinyesi cha mama yake. "Wema hauozi" ikapita mbele ya wanafunzi, ikageuka, ikapita tena. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mwalimu, tuvae kofia?"

Weee! Walicheka mpaka mwalimu akakaa chini.

Kanga ikadondoka, mtoto akazama kichakani, na Tatu mwenyewe akatokea upande wa pili akamfuata. Shabani naye akafika, anahema. "Dada! Angevunjika mguu yule!" Akaniona nilivyo, machozi juu, kinyesi chini, akapunguza sauti. "Mtoto wa swala siku za mwanzo hulala hivyo. Mama anamficha, anaondoka. Akisikia hatua hatikisiki, hapepesi, mpaka hatari ipite. Mzee alimwambia kila mtu aliyepita hapa, hata madereva wanaoleta majani. Nyumbani hakuwaambia?"

Alituambia. Nilikumbuka pale pale, nimesimama na kanga yangu yenye matope. Ilikuwa Ijumaa. Baba kasogeza sahani ya wali, kalaza kidevu mkekani, kanyoosha shingo, katoa macho bila kupepesa, anatuonyesha. Wanangu wanacheka. Ananitazama kutoka kule chini aone kama nami nacheka, na mimi nasema "ehee," kidole kiko kwenye simu.

Njiani kurudi nikamwomba Bhavna asimame karibu na makaburi. Nikabaki nje ya ukuta. Nikasema, "Baba, Tatu kazaa. Mtoto mzima, ana mbio." Kisha nikasubiri kidogo. Safari hii hakuna kilichotikisika.

Basi chekeni, najua mmeshaanza. Ila mzee wenu akianza habari za kazini kwake, wekeni simu chini, na hii mnayosomea ikiwemo. Na aliye karibu na shangazi amzuie, ameshapanda bodaboda na ubani mkononi.