Vyama vya Don Eligio

Jumatano, 1 Julai 2020. Guildford, Sydney.

Fiacre anaoa! Mwanangu! Kaniambia asubuhi huku anapiga mswaki, povu mdomoni. Binti anaitwa Maribel. Kwao ni Jamhuri ya Dominika, kisiwani, upande wa Amerika huko. Mama yake alishafariki, kama wa Fiacre. Kabaki na baba, Don Eligio, dereva teksi mstaafu, anakaa Fairfield. Tumealikwa chakula Jumapili ya tarehe 12.

Nimepewa masharti kwa Kiingereza. Just eat, Papa. No speeches. No politics. Inasemekana mzee huyo kagombana na nusu ya Fairfield kwa ajili ya siasa za kwao, na Jumapili hii kwao kuna uchaguzi.

Asante sana, mwanangu! Umenionyesha mlango wenyewe. Nitajifunza vyama vyote vya Dominika, niuteke moyo wa mzee kabla wali haujapakuliwa.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili cha kambi ya wakimbizi. Fiacre anakielewa lakini hawezi kukisoma, kwa hiyo humu naweza kusema ukweli: naogopa. Tangu mke wangu Mélanie alipofariki tuko wawili tu. Mchumba wa kwanza, wa Wollongong, alimkimbia baada ya mimi kupeleka mbuzi kwao. Mbuzi hai. Ghorofa ya nne. Akimkosa na huyu kwa sababu yangu, sidhani kama atanisamehe mara ya pili.

Alhamisi, 2 Julai.

Ndikumana kapiga simu. Habari zimemfikia, sijui kwa njia gani. Huyu ndiye msemaji wa posa zote za Warundi wa Sydney. Kwetu baba wa kijana hasemi kitu. Anakaa ndani ya suti, anatikisa kichwa, na msemaji ndiye anayeomba mke. Ndikumana kajitolea kusema kwa niaba yangu, bure, kindugu.

Ndugu wapi! Anataka kushangiliwa. Mwaka jana kwa akina Niyonsaba aliongea saa mbili nzima, watu wakalia, na mpaka leo kanisani anawekewa kiti cha mbele. Nimemwambia kwa masikitiko kwamba sababu ya korona tumeruhusiwa kwenda watu wawili tu. Ni uongo, wanaruhusiwa ishirini. Mungu anisamehe. Safari hii nitasema mwenyewe.

Ijumaa, 3 Julai.

Darasa la kwanza. Mwalimu ni Peninah, nesi Mkenya kwenye nyumba ya wazee ninakofanya usafi, Auburn. Wakati wa chai, yeye mwisho huu wa meza, mimi mwisho ule, barakoa zimeshushwa kidevuni. Katafuta kwenye simu, kachora ukoo mzima wa vyama juu ya boksi la glavu.

Babu yao ni chama cheupe, cha Mapinduzi, kilianza 1939. Mwaka 1973 mmoja wa waasisi akagombana na wenzake, akatoka, akaanzisha cha zambarau, cha Ukombozi. Miaka sita iliyopita cheupe kikapasuka tena, kikazaliwa cha bluu, Mapinduzi ya Kisasa. Mwaka jana zambarau nayo ikapasuka, kikazaliwa cha kijani, Nguvu ya Umma. Pembeni kuna chekundu chenye jogoo. Jogoo nimempenda. Wanaotawala ni zambarau, mwaka wa kumi na sita sasa.

Nikauliza tofauti zao ni nini hasa. Labda hiki cha wakulima, kile cha matajiri? Peninah akasoma, akasoma, akasema huenda zamani zilikuwepo, lakini leo wote wanaimba umma, ajira, maendeleo. Halafu akacheka. Akasema Mzee Habo, mimi nimetoka Kenya, hii sihitaji kusomea, hapo tofauti ni nani alimkasirikia nani.

Maelezo ya kitoto. Watu wazima hawawezi kuhama chama kwa hasira tu. Nimechukua boksi nyumbani nikalisome vizuri.

Jumamosi, 4 Julai.

Tatizo: mzee ni wa rangi gani? Fiacre hasemi. Nimepanda treni hadi Fairfield kupeleleza. Nimepita mbele ya nyumba mara tano, barakoa usoni, kofia hadi kwenye nyusi. Mara ya tatu nikaona kamba ya nguo upande wa nyuma. Imeanikwa jezi kubwa. Ya bluu!

Kazi imekwisha. Jirani kaniuliza kama nimepotea. Nikamjibu nafanya mazoezi niliyoagizwa na daktari.

Jumatatu, 6 Julai.

Bluu imeshinda! Matokeo yamefika asubuhi, zambarau nje baada ya miaka yote hiyo. Nimeruka jikoni peke yangu. Redio inasema mpaka wa Victoria unafungwa, ugonjwa umerudi, na mimi nacheza. Tai ya bluu nimenunua. Keki ya bluu nimeagiza kwa Mlebanoni. Fiacre kauliza kulikoni, nikamwambia nafurahia maisha. Akaniuliza kama nina homa.

Jumapili, 12 Julai. Nimerudi nyumbani saa mbili na nusu usiku.

Nitaandika yote.

Nimeingia na tai ya bluu, barakoa ya bluu, keki mikononi. Don Eligio mrefu, mwembamba, nywele nyeupe, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Tukagusana viwiko. Hapohapo nikampongeza kwa Kiingereza changu chote kwa ushindi mkubwa wa chama chake, nikamwambia wale wezi wa zambarau wamepata walichostahili.

Maribel akaziba mdomo. Ndipo nikaona ukutani picha ya Don Eligio akiwa kijana, amebeba bendera. Ya zambarau. Na ile jezi? Ilikuwa ya raga, ya timu ya jimbo letu hapa. Aliivaa kwenye picha ya pili, ameshika soseji ya kuchoma.

Mzee akasema kwa sauti ya chini kwamba nyumbani kwake hakuna binti wa kumpa mtu, na sisi twende zetu.

Mungu wangu, nilivyofurahi! Maana kwetu ndivyo posa inavyoanza! Upande wa binti lazima ukatae. Wanakwambia umepotea njia, hapa hakuna msichana. Wakikataa sana ndiyo heshima yenyewe. Nikajua Fiacre kawafundisha desturi kwa siri ili anifurahishe. Nikasimama, nikakohoa, nikajibu kwa Kiingereza kama msemaji wa kweli: tumefuata nyayo za ndama wetu mzuri, na nyayo zimeingia kwenye boma hili.

Maribel akamtafsiria baba yake kwa Kihispania. Mzee akauliza kama nimemwita binti yake ng'ombe. Akasema toka, akanionyesha mlango. Nikapiga makofi! Nikamwambia Fiacre kwamba mzee huyu anamshinda Ndikumana kwa mbali. Mzee akanguruma mara ya tatu, mishipa ya shingo imetoka. Nikamwambia bravo.

Ndipo nikamwona Maribel analia. Machozi ya kweli, si ya desturi. Na Fiacre akaniambia nikasubiri nje. Kwa Kirundi. Hajanisemesha Kirundi tangu darasa la sita. Laiti angenitukana kwa Kiingereza.

Nimekaa kwenye ngazi za baraza na keki mapajani. Baridi. Nimemwaza Mélanie. Nimemwomba samahani kwa kulea mtoto hadi mlangoni kwa wakwe, halafu nikaufunga mlango mwenyewe. Nimelia, naandika bila aibu.

Baadaye mlango ukafunguka. Don Eligio. Akaketi mwisho wa ngazi, mita moja na nusu kamili, akaniuliza kwa nini nilikuwa namcheka nyumbani kwake. Sisi wawili Kiingereza chetu ni cha kuokoteza, lakini kilitosha. Nikamweleza. Kwamba sikucheka. Kwamba kwetu binti wa thamani hatolewi kwa neno la kwanza, na alivyokataa kwa ukali nilidhani ananiambia jinsi anavyompenda mtoto wake. Nikamwambia nilitoka kambini na mtoto mmoja na sufuria moja, sufuria nilishaitupa, nimebaki na huyo mtoto. Nikasema kosa ni langu, Fiacre hana kosa, asimwadhibu.

Kisha akaniambia kuhusu mdogo wake, Balbino. Wote wawili zambarau tangu ujana, walibandika mabango pamoja, walilala rumande pamoja. Mwaka jana chama kilipopasuka, Balbino akaenda kijani. Wakatukanana kwenye simu. Don Eligio akamwambia asimpigie tena, na Balbino, mtu mtiifu, hakupiga. Mwezi Juni korona ikamchukua huko kwao. Mipaka imefungwa, mzee hakuweza kwenda. Mazishi aliyaona kwenye simu ya mpwa wake, picha inakatikakatika.

Nikamuuliza, kwa upole, waligombania nini hasa. Zambarau wanataka nini ambacho kijani hawataki? Akafikiri. Akasema hakumbuki.

Kwetu mtu akifiwa unakaa naye tu, basi. Nimekaa. Siruhusiwi kumshika mkono, nikaisogeza keki katikati yetu. Akaikata kwa kidole, akala bluu yote ile, sukari ikaingia kwenye sharubu.

Baridi ilipozidi nikajikaza. Nikamuuliza kama kweli humu ndani hakuna binti.

Akasema yupo mmoja. Akasema ni mkaidi, anaimba vibaya, na ndiye kila kitu alichobakiwa nacho hapa duniani. Nikamjibu wangu naye ni hivyohivyo, ila haimbi. Tukaingia ndani. Wali ulikuwa umepoa, nikala sahani tatu, na sikutoa hotuba yoyote.

Fiacre kaendesha gari hadi Guildford. Kisha akanishika bega, akauacha mkono pale.

Nimeelewa sasa. Maisha ni mafupi mno kwa makundi makundi. Kesho nampigia Ndikumana, namwomba radhi, tunaifanya harusi hii pamoja.

Jumamosi, 18 Julai.

Kamati ya harusi imekutana kwa Zoom. Ndikumana nilimwalika mwenyewe, kwa moyo mweupe. Wakachagua mwenyekiti. Ndikumana kura sita! Mimi moja, na hiyo moja ni yangu. Nilipinga kwa nguvu zote kwa dakika tano nzima kabla Peninah hajaniambia kwamba sauti yangu imezimwa.

Nimejiuzulu. Saa hiyohiyo nimeanzisha Kamati ya Harusi ya Kisasa. Wanachama kwa sasa ni mimi. Fiacre kauliza kwa Kiingereza kama watu wanaweza kufunga ndoa kwa siri. Nimemjibu kwamba Kamati ya Kisasa italijadili.

Jioni Don Eligio kanipigia, amesikia. Akataka kujua tofauti kati ya kamati hizi mbili. Nimemweleza kwa dakika arobaini. Ukumbi uleule, tarehe ileile, chakula kilekile, wageni walewale. Lakini tofauti ni kubwa mno, haihitaji hata miwani: yao anaiongoza Ndikumana.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya upole sana, kama mtu anaweza kujiunga na zote mbili. Mzee wa watu, nampenda kweli. Nimemwambia haiwezekani, lazima achague.