Orlin Ataanguka Saa Nne Kamili

Jumatatu, 8 Julai
Kamati inakuja Torvik, mji wangu! Bunge la jimbo halikai tena hadi Januari, kwa hiyo miezi hii sisi wabunge tunazunguka na mafaili, tunachunguza mambo. Alhamisi ni zamu ya ambulensi za vijijini. Yetu ina wahudumu watatu wa kujitolea, wote wamepita sitini. Jimbo lisipotusaidia, inafungwa. Ripoti ina kurasa mia tatu. Sijaifungua. Mheshimiwa LaDonna Bruckner, anayeutaka uenyekiti kama mimi, kaisoma yote na kubandika vikaratasi vya rangi. Kujishaua tu!

Jumanne, 9 Julai
Dada yangu Darlys, dereva wa ambulensi, kaja na daftari. Kila safari ya miaka sita: saa ya kupigiwa simu, saa ya kufika. Anataka kuisomea kamati. Nikamwambia takwimu zinalaza watu, aniachie mimi. Akauliza nina nini. Siri!
Siri yenyewe: jirani yangu Orlin ataanguka mbele ya wajumbe saa nne kamili. Wataingoja ambulensi mpaka wakome.

Alhamisi, 11 Julai
Balaa! Orlin kashika kifua, kaanguka vizuri ajabu. Nikapiga mayowe. Dakika mbili, ambulensi mlangoni! Darlys alikuwa ameiosha na kuiegesha nyuma ya ukumbi wa kikao, wageni waione. Wajumbe wakapiga makofi. Bruckner akaandika muda. Nikamkonyeza Orlin apone. Wapi! Kafumba macho, anakoroma. Wakampeleka hospitali, maili sitini. Dereva ni Darlys, kwa hiyo daftari halikusomwa. Mwenyekiti akafunga kikao: huduma ya Torvik ni ya kupigiwa mfano, haihitaji msaada.

Ijumaa, 12 Julai
Darlys kapiga simu. Orlin keshamweleza yote. Nilijiandaa kutukanwa. Hakufoka hata kidogo.
“Verlyn, mdogo wangu, mama alisubiri dakika arobaini na saba. Nilitaka kuwasomea hiyo moja tu.”
Akakata.

Jumatatu, 15 Julai
Sijatoka nje siku mbili. Darlys hapokei simu zangu. Kamati inapokea barua mpaka kesho. Ningeweza kukiri, nikaomba daftari la Darlys lisomwe. Nikaanza kuandika. Aibu! Nikachana.
Halafu nikakumbuka: Agosti wanakuja kuchunguza madaraja. Letu ni bovu kabisa, ila kwa macho linaonekana zima. Likilegea kidogo mbele yao, nani atabisha?
Nimenunua msumeno.