Mhunzi Asiyejulikana

Jumatatu, 2 Februari 2026
Mvua tangu asubuhi. Papa Kamande, Mkenya anayenoa visu vya wapishi hapa mtaani Jeppestown, anataka msaidizi mmoja. Tuko wawili: mimi na Shekinah wa kwaya. Kila mmoja amepewa kisu cha Kijapani chenye maandishi yaliyochongwa ubavuni, karibu na mpini. Ijumaa tuseme ni mhunzi gani aliyekitengeneza. Nikishindwa, Mama amesema Jumamosi naanza saluni kwa shangazi, Tantine Denise, ambako lazima uongee na mteja tangu kuosha kichwa hadi msuko wa mwisho. Visu havikuulizi habari za nyumbani.

Jumanne, 3 Februari
Mpango umekamilika. Nimepaka maandishi rangi ya viatu, nikafuta juu, nikakandamiza karatasi nyembamba ambayo Mama huchorea vipimo vya nguo. Yametoka safi, kila mstari. Kisu nimekifungia sandukuni kisipate kutu. Sitakigusa tena. Karatasi inatosha.
Shekinah aliuliza naendeleaje. Nikamwambia siri yote iko kwenye mpini. Dhambi. Nimetubu, kwa kifupi.

Jumatano, 4 Februari
Nimepata kwenye simu orodha ya alama za wahunzi mia mbili na kumi. Nimezipitia zote mara mbili. Yangu haifanani na hata moja. Mama aliuliza mbona sili. Nikasema nimempata mhunzi ambaye dunia haimjui. Akauliza kama anasali, na kanisa gani.

Ijumaa, 6 Februari
Msiba. Shekinah alianza. Alisema alihangaika na mpini siku nzima, hakuona kitu, akarudi kumuuliza Papa Kamande. Akaelekezwa: maandishi makubwa ni aina ya chuma, jina la mhunzi ni yale madogo ya chini. Kulitafuta kwenye orodha ya wahunzi kulimchukua dakika kumi.
Zamu yangu ilipofika nilitazama sakafu. Shekinah akauliza kama ulimi nimeuacha shuleni. Basi nikasema kwa sauti, mara ya kwanza tangu mwaka uanze, kwamba mhunzi wangu haandiki kama mtu yeyote.
Papa Kamande aliitazama karatasi, akaipeleka kwenye kioo kilichopasuka juu ya beseni. Ndani ya kioo maandishi yakageuka, yakakaa sawa. Yalikuwa yale yale ya Shekinah. Visu viwili, mhunzi mmoja. Siku tatu nzima nimesoma kinyume.
Alisema kwa upole: mtoto wangu, kisu ulikuwa nacho, si ungekiangalia? Kazi ni ya Shekinah.

Jumamosi, 7 Februari
Saluni. Vioo kila ukuta, vyote vinanitazama. Mteja wa kwanza aliuliza habari za nyumbani. Nikajibu kwamba nyumbani kupo. Tantine alinikazia macho.
Mteja wa pili, mpishi kutoka mtaa wa Observatory, alisema ana kisu cha Kijapani cha zamani, hajui nani alikitengeneza. Alitaka kukileta Jumatatu. Nikamwambia asijisumbue kubeba kisu njiani.
Nimempa karatasi na kopo la rangi ya viatu.