Uenyekiti na Plazma ya Inchi Hamsini

Jumatatu, 2 Machi 2015

Imefika. Televisheni ya plazma, inchi hamsini, kwa mkono wa Methodi wa kule Lackawanna, ambaye amehamia kwenye televisheni nyembamba. Tumeipandisha wanaume watatu, na ngazi ya mbao imelia mpaka juu. Hapa West Side ya Buffalo hakuna wa kunifikia sasa. Hasa Sylveri, mwenye televisheni ya ukubwa wa sinia.

Niandike sababu. Jumamosi mzee Bagula anakuja kutoka Columbus kuchagua mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mjukuu wake. Tunaoutaka uenyekiti ni wawili: mimi na Sylveri. Harusi tano nimekuwa mtu wa kubeba viti. Ya sita sibebi. Kikao kitakuwa sebuleni kwangu, na tutaangalia DVD ya ile harusi ya Louisville ya mwaka jana, tujifunze namna ya kupanga mambo. Wazo langu hilo. Nimejitolea kabla Sylveri hajafungua mdomo.

Sandrine, mke wangu, anasema kitu hiki kinatoa joto kama jiko la makaa. Nje kuna theluji hadi magotini. Ashukuru.

Jumanne, 3 Machi

Siku ya waya. Nilinunua waya wa HDMI, mpya, mnene. Mashine yetu ya DVD haina tundu lake. Televisheni inayo mawili. Basi nimechomeka ncha moja kwenye tundu la kwanza na ncha ya pili kwenye tundu la pili. Kioo kikaandika hakuna mawimbi. Nikasubiri, huenda yako njiani. Binti yangu Bulonza, miaka kumi na minne, akaniambia kwa Kiingereza kwamba nimeiunganisha televisheni na yenyewe. Nikamwamuru aseme na baba yake kwa Kiswahili. Akarudia kwa Kiswahili. Imeniuma zaidi.

Nikarudi kwenye zile waya za zamani, njano, nyeupe na nyekundu. Ya njano nimeitia tundu la kijani kwa kuwa lilikuwa karibu. Harusi nzima ikatoka nyeusi na nyeupe. Bulonza akaihamishia panapostahili. Ningepaona mwenyewe.

Jumatano, 4 Machi

Siku ya kupanga picha. Bulonza amesoma kitabu cha maelekezo, akasema kwa chumba kama chetu tuweke picha ya sinema, laini, yenye giza kidogo. Hiyo ni ya watu wenye haya. Nimeweka ile kali kuliko zote. Mwanga mia, kontrasti mia. Mchungaji wa Louisville amekuwa rangi ya chungwa. Pia nimeitanua picha ijaze kioo chote, maana sikununua inchi hamsini nitazame weusi pembeni. Bibi harusi amenenepa. Amependeza.

Kisha nikaona dhahabu. Dakika ya hamsini na mbili: Sylveri, amesimama katikati ya ukumbi, sahani imejaa mbuzi, anacheka. Hiyo ni sahani yake ya tatu. Nimehesabu. Wageni wa mbali hawajaonja hata mchuzi.

Jumamosi nitasimamisha picha hapo hapo na kukaa kimya. Mzee Bagula ajionee mwenyewe mtu anayetaka kukabidhiwa chakula cha harusi.

Alhamisi, 5 Machi

Kikwazo kidogo. Rimoti ya DVD ilipotea tangu zamani, na mashine yenyewe inajua kwenda na kusimama tu. Ukiizima, inaanza mwanzo. Siwezi kungoja dakika hamsini na mbili za nyimbo mbele ya wageni. Basi nimeisimamisha leo asubuhi kwenye sahani ya tatu, na itabaki hivyo mpaka Jumamosi. Nimeifunika kwa kitenge cha Sandrine na kubandika utepe pande zote. Rimoti ya televisheni iko ndani ya koti langu la kazi.

Bulonza amesema kitabu kinakataza kuacha picha moja imesimama. Kitabu hakigombei uenyekiti.

Ijumaa, 6 Machi

Kazini ghalani nimepanga kuku wa barafu huku nikicheka peke yangu. Nyumbani Sandrine analalamika kitenge kimepata moto, na hapendi kupika huku Sylveri yuko nyuma ya kitambaa. Nimemwambia avumilie siku moja tu.

Jumamosi, 7 Machi

Niandike hata kama mkono unakataa.

Walijaa. Nikavuta kitenge. Kabla sijaketi, mzee Bagula akasema harusi haianzi kwenye nyama, turudi kwenye sala. Huwezi kumkatalia mzee aliyekuja kwa basi. Nikarudisha mwanzo.

Sala ikaanza. Sylveri yumo. Mweupe kidogo, kama mvuke, amesimama nyuma ya mchungaji na sahani yake. Ikaja pete: Sylveri yumo. Zawadi: yumo. Akina mama wanacheza, yeye katikati yao, sahani mkononi. Hakuhama hata mara moja. Nikabonyeza kila kitufe cha rimoti. Mwanga ukashuka, Sylveri akabaki.

Mzee Bagula haoni vizuri. Akasogea karibu na kioo, akatikisa kichwa.

“Huyu kijana hakuikala hata kidogo. Toka sala mpaka mwisho iko anagawia watu chakula. Donc ni yeye njo atatuongozea.”

Nikapaza sauti kwamba kama hakuketi ni kwa kuwa alikuwa anakula, tena sahani ya tatu! Mzee akaniuliza kwa upole mimi nilikuwa wapi, mbona hanioni. Nilikuwa nimelala ndani ya gari. Niliendesha kutoka Buffalo, nani asingelala?

Sylveri akainama kwa unyenyekevu, akasema kazi ya watu haichoshi. Amechaguliwa. Mimi nimepewa viti.

Jumapili, 8 Machi

Nimewasha habari. Sylveri yuko begani kwa msomaji. Nimeweka mpira, amesimama golini. Methodi hapokei simu. Bulonza anasema picha iliyosimama siku mbili imeganda kwenye kioo; tukiweka picha laini, zinazotembea, kwa wiki kadhaa, huenda akafifia.

Wiki kadhaa na Sylveri nyumbani kwangu? Hapana.

Nimeitafuta DVD yote mpaka nikajipata. Nipo. Dakika ya mwisho kabisa, watu wanatoka, mimi naingia mlangoni napiga miayo. Mdomo uko wazi, lakini ni wangu. Nimesimamisha hapo. Kontrasti mia. Kitenge, utepe, rimoti kotini. Itakaa hivyo mpaka Jumamosi ijayo, imfunike kabisa. Mzee Bagula akirudi kwa harusi ataniona kwenye sala, kwenye pete, kwenye zawadi, kila mahali.

Kitabu cha maelekezo nimekikunja na kukiweka chini ya mguu wa meza ya televisheni. Sasa haitikisiki.