Nahodha Alizikwa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Nimeropoka tena. Nilikwenda kumjulia hali baba wa mchumba wangu, fundi saa mstaafu, ambaye mpaka leo hajajibu posa yangu. Mzee kavunjika mguu, hatoki kitini, siku nzima anatazama tamthilia ya Merikebu ya Anga. Analalamika kwamba leo nahodha mzee, kesho mtoto, keshokutwa kijana. Mtu aliyeishi na saa hawezi kuvumilia uovyo huo. Anataka aitazame upya, mambo yakifuatana kama yalivyotokea. Shemeji yangu mtarajiwa, ambaye nyumbani wanamwita Kamusi kwa sababu hakuna asilolijua, akasema atampangia.

Nikasema mimi nimeshaipanga zamani. Naijua nje ndani!

Sijawahi kutazama hata sehemu moja.

Mzee akafurahi. Jumapili tutaitazama wote, kisha tuongee lile jambo letu. Mdomo uliponza kichwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimezipata sehemu zote. Kila moja inaanza na giza tupu, karibu dakika nzima. Mimi nahariri video za harusi, najua dakika ya kwanza huwa ni mpiga picha anahangaika na kamera. Nikazima sauti, nikayakata magiza yote kwa mkupuo, nikafuta na nakala za awali. Kazi safi. Kamusi angeweza hivi?

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua siri: nywele! Nahodha anaota kipara. Kipara kikikua, miaka imesonga. Nimepanga kutwa nzima nikipiga mluzi.

Jioni, katikati ya vita, nahodha kavua nywele zake akaziweka mezani. Wigi! Nimelala bila kula.

Alhamisi, 6 Machi

Siri mpya: ufa kwenye dirisha la merikebu. Kila sehemu unarefuka kidogo. Ufa hauvai wigi. Nikaanza upya, moyo umetulia.

Kisha merikebu ikaingia kwenye shimo la wakati, ikatokea upande wa pili kabla haijaundwa. Dirisha jipya kabisa. Nani aliandika upuuzi huu? Ana wazazi?

Mchumba kapiga simu. Nikamwambia nimemaliza. Akasema, "Kama hujui, mwambie baba hujui. Atacheka tu, yaishe. Njia ya mwongo ni fupi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wanawake hawaelewi mambo ya ufundi.

Ijumaa, 7 Machi

Maji yamenifika shingoni. Nimemwendea Kamusi, nikajifanya nampima: yeye angetumia njia gani? Akasema ni rahisi, hata mtoto anaweza, akaniuliza mimi nimetumia ipi. Nikasema ya kitaalamu. Akatabasamu. Simpendi anavyotabasamu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimezipanga kwa uzito wa faili, nyepesi mwanzo, nzito mwisho. Kila kitu duniani huanza kikiwa kidogo. Mungu nisaidie.

Jumapili, 9 Machi

Mzee aliweka mguu juu ya stuli, akafuta miwani. Sehemu ya kwanza: mazishi ya nahodha. Ya pili: nahodha anaoa. Ya tatu: mjane analia, nahodha anazaliwa.

Mzee akauliza ile sauti ya mama msimulizi iko wapi. Sauti gani? Kamusi akaeleza taratibu, kwa raha zake zote: kila sehemu huanza gizani, na sauti ya mama hutaja mwaka.

Mwaka! Nilikuwa nao mkononi, nikaukata mwenyewe.

Mzee akavua miwani. "Kijana, saa iliyosimama naitengeneza. Lakini wewe umeng'oa mishale, halafu unanitajia saa. Leo sina jibu."

Mchumba alinisindikiza mpaka getini. Alikuwa analia. Na mimi nililia, barabarani, watu wakinitazama.

Jumapili, 16 Machi

Mchumba amenibembelezea kwa baba yake wiki nzima. Leo nikaitwa. Nikaomba radhi, Mzee akaipokea. Akasema hahitaji mkwe anayejua kila kitu, wa hivyo anaye tayari ndani ya nyumba. Sote tukacheka, isipokuwa Kamusi. Nilijisikia mtu mpya.

Kisha akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani, zawadi aliyompa marehemu mkewe siku ya harusi yao. Imesimama, na mikono ya Mzee siku hizi inatetemeka. Akauliza polepole, "Saa unazijua, au nimpe mwenzangu wa zamani kule kazini?"

Mchumba akanikazia macho. Akatikisa kichwa kidogo sana.

Nikasema saa nimekua nazo.

Sasa iko mezani kwangu, nimeifungua. Si kazi ngumu hata kidogo. Ndani mmejaa vigurudumu vidogo visivyo na maana yoyote. Nimeanza kwa kuvitoa.