Simu Tano na Sufuria Mia Sita

Jumatatu, 4 Septemba 2017

Nimeamua kuandika kila siku. Wafanyabiashara wakubwa huandika. Nitakapokuwa mkubwa nitakuwa na ushahidi.

Habari ya leo ni moja, ila nzito. Shirika la misaada lililofungua ofisi ng'ambo ya daraja la mto Lukuga linatafuta mtu wa kuliuzia sufuria mia sita kwa ajili ya waliokimbia vita na kupiga kambi Katanika. Mia sita! Ndizo nilizonazo mimi. Zimejaa dukani hadi darini tangu Januari, mtaji wangu wote. Nilinunua zote Kigoma, ng'ambo ya ziwa, nikiamini kwamba vita ikianza watu hununua vyombo. Kumbe anayekimbia hanunui sufuria. Hata ile aliyonayo anaitupa njiani.

Shirika lina sharti: muuzaji apatikane kwa simu saa zote. Hapo ndipo penye mfupa. Simu yangu ya mkononi hupata mtandao nikisimama juu ya stuli, uso umeelekea ziwani.

Mpinzani wangu ni Papa Shaabani, wa duka la ng'ambo ya barabara. Anauza vyombo kama mimi, tofauti yetu ni kwamba yeye anauza kweli. Ijumaa, sikukuu ya Idi, alituletea nyama. Nyama nzuri sana. Niliila yote nikijiuliza anataka nini.

Yaya Henriette, dada yangu mkubwa, alifika kwetu mwezi wa tatu akikimbia vita kutoka Niemba na watoto wanne na godoro moja. Leo kanishauri niende kwenye ile ofisi nikae kwenye benchi mpaka wanione. Nilimweleza kwamba biashara ya kisasa haikai kwenye benchi. Alinijibu hivi, naandika kama alivyosema: «Télesphore, kule kambini watu wako wanapikia mu mikebe, na sufuria zako ziko zinalala.»

Sikulala vizuri. Maneno ya Yaya yana miiba.

Jumanne, 5 Septemba

Nimepata dawa! Simu ya intaneti!

Mardochée, mwenye chumba cha kompyuta hapo karibu na fundi cherehani, ana kisahani chake kinachoongea na satelaiti. Simu ya namna hiyo haitegemei minara ya kawaida. Hupita kwenye intaneti, na haina waya, unatembea nayo. Alikuwa na za namna tatu.

Ya kwanza ina kombine moja, yaani simu moja ya kubeba mkononi, na kisanduku mama kinacholala mezani. Mardochée alisema hiyo inanitosha. Hapo hapo nikamshuku.

Ya pili ina kombine mbili. Imetumika, na namba saba haibonyezeki.

Ya tatu ilikuwa bado ndani ya katoni. Kombine tano! Inafika mita mia tatu! Watu sita wanaweza kuongea kwa pamoja! Maelezo yameandikwa kwa Kijerumani, lakini picha inajieleza: bwana mwenye tai ameshika kombine na anacheka kwa furaha. Mimi sijawahi kucheka hivyo dukani. Nikajua ninachokosa ni nini.

Mardochée aliniuliza duka langu lina ukubwa gani. Hatua nane kwa tano. Akanisogezea tena ile ya kwanza. Kisha akaanza kunieleza jambo fulani kuhusu namba ambayo mashine hiyo inakuja nayo. Nilimkata. Fundi ukimwacha aeleze, utazeeka.

Tumebadilishana kwa baiskeli yangu. Nani anahitaji baiskeli akiwa na mtandao?

Jumatano, 6 Septemba

Siku ya kufunga mitambo. Imegundulika kwamba simu isiyo na waya inahitaji mita sitini za waya, kutoka kwa Mardochée, juu ya bati la fundi cherehani, hadi kwangu. Fundi cherehani alidai nimpunguzie bei ya sufuria. Nilimwahidi. Mtu mwenye kombine tano hagombani na majirani.

Kisha umeme. Mashine inataka kula mchana na usiku, na umeme wa mji unakuja unapotaka wenyewe. Ikabidi nimwombe Générose, mke wangu, paneli yake ya jua. Ndiyo inayoendesha friji yake, na friji ndiyo inayotulisha: anauza maji baridi na maji ya tangawizi. Sufuria zangu hazijatulisha hata siku moja. Nilimwonyesha ile picha ya bwana anayecheka. Akaniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama kawaida yake: «Papa Mado, ninakuazima siku tano. Tano. Kisha ninachomoa.»

Nimegawa kombine. Ya kwanza, Mkurugenzi Mkuu: mimi. Ya pili, Mkurugenzi wa Mauzo: mimi pia, lakini mfuko wa kushoto. Ya tatu, mapokezi: Yaya Henriette. Ya nne, jikoni: Générose. Ya tano nimeitundika chooni. Mteja hachagui saa.

Mardochée alipiga kwa majaribio. Zote tano zililia kwa mpigo mmoja. Watoto wa Yaya walikuwa chini ya kitanda kabla sijavuta pumzi, wote wanne, kimya, wamebana vichwa. Huko Niemba walijifunza hivyo. Hakuna aliyecheka. Nimepunguza sauti mpaka mwisho.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimeenda ng'ambo ya daraja kumpelekea kadi yangu ya biashara Monsieur Fidèle, karani wa manunuzi wa shirika. Kwa miguu. Nilikuwa nimesahau suala la baiskeli.

Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa nani? Shaabani! Siku yake ya nne pale, kwa mujibu wa mlinzi. Ana tasbihi na chupa ya chai. Alinisalimia kwa heshima, akauliza habari za mama na watoto, akasogea ili nipate nafasi. Sikukaa. Nilimwambia kwamba kwangu mambo yote ni kwa simu sasa. Alinimiminia chai. Nilikunywa nikiwa nimesimama.

Monsieur Fidèle aliisoma namba yangu kwenye kadi. Akauliza kama nimehamia Ulaya. Nimefurahi sana! Ndivyo kampuni inavyopaswa kuonekana. Alisema ataniita kwa simu kesho tukubaliane siku ya kupeleka mzigo.

Nilirudi na malengelenge mawili, lakini moyo mweupe.

Ijumaa, 8 Septemba

Saa tatu asubuhi, kombine zote zimelia! Mara moja tu, zikanyamaza. Bipu.

Kila mtu hapa anajua maana ya bipu. Mtu anakupigia, anakata kabla hujapokea, ili unite zake, ile pesa ya simu, zisiliwe, na wewe umpigie. Mdogo humbipu mkubwa. Mtoto humbipu baba, shemeji humbipu shemeji mwenye kazi. Maisha yangu yote nimerudisha bipu za watu. Sasa basi! Nimekusanya wafanyakazi wote (Yaya na Générose) nikatangaza kanuni ya kwanza ya kampuni: kampuni yenye kombine tano hairudishi bipu.

Saa nne, bipu. Saa sita, bipu. Yaya Henriette aliangalia kioo akasema ni namba ileile, isije ikawa ni wale wa shirika. Nilicheka kama yule bwana wa kwenye katoni. Shirika lenye magari saba na bendera libipu? Wakubwa hawabipu. Huyo ni ndugu fulani anayetaka sukari.

Générose alipita na chupa zake za tangawizi. Zilikuwa moto.

Jumamosi, 9 Septemba

Bipu nne. Ile ya tatu nilijaribu kuiwahi. Niliruka juu ya sufuria, nikabonyeza, nikanguruma «Allô! Direction Générale!», yaani ofisi ya Mkurugenzi Mkuu. Aliyebipu alikuwa ameshakata. Sufuria arobaini zilianguka. Nje mama mmoja aliyekuwa akipita alilala chini kifudifudi, akidhani ni risasi. Nilimsaidia kuinuka na kumpa maji. Ya moto. Samahani zangu hazikutosha.

Mchana nilipima zile mita mia tatu. Nilitembea na kombine kuelekea darajani, nikiongea na Yaya kwa sauti ili watu wasikie. Iliishia kwa fundi cherehani. Niliendelea kuongea peke yangu hadi sokoni, kwa ajili ya heshima.

Shirika halijaita. Yaya akaniambia tena niende kwa miguu. Je, mtu aliyeahidi kupiga simu unamfuata? Ni kumvunjia adabu.

Jumatatu, 11 Septemba

Naandika kwa ufupi. Nina aibu.

Asubuhi gari la shirika lilisimama mlangoni, akashuka Monsieur Fidèle mwenyewe. Alikuja, alisema, ili asiondoke na dukuduku. Amenibipu mara saba. Ofisi yake humpa unite za kupigia ndani ya nchi tu, na namba yangu ni ya Ubelgiji. Aliuliza kwa upole kwa nini mtu anayekaa ng'ambo ya daraja apigiwe kupitia Bruseli. Nilimtazama Mardochée, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wake. Aliinua mabega. Alijaribu kunieleza, kwa kweli.

Monsieur Fidèle alisema wakubwa wake hawakuweza kungoja. Jumamosi jioni alifungua dirisha, akamwona Shaabani kwenye benchi, akampa kazi. Mzigo ufike Katanika Alhamisi.

Gari lilipoondoka, Générose alikuja na kuchomoa paneli yake. Siku tano zimetimia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Yaya alikaa mlangoni akitazama barabara, akasema tu kwamba kule Katanika mvua inakaribia, na mikebe hupata kutu.

Nililia kidogo nyuma ya sufuria. Sufuria mia sita zinamficha mtu vizuri.

Jumanne, 12 Septemba

Nimeamka na akili mpya. Kosa lilikuwa umeme na mahali pa mashine, si mashine. Saa mbili nilikuwa juu ya bati na kisanduku mama chini ya kwapa, natafuta pa kukiweka juu zaidi.

Kutoka juu nikamwona Shaabani anavuka barabara kuja kwangu. Amekuja kunicheka! Nililala chali juu ya bati asinione. Bati la Septemba! Nilijiambia mwanamume havumilii aibu mara mbili kwa wiki moja, bora avumilie bati. Chini nilisikia maongezi, Yaya akicheka, Générose akisema bei, kelele za vyombo, mikokoteni. Nilidhani ananunua tangawizi. Nilivumilia hadi adhuhuri.

Niliposhuka, mgongo ukiwa kama kikaango, nilisema «Karibu» kwa hasira na duka likanijibu. Lilikuwa tupu. Halina hata sufuria moja! Shaabani, kumbe, sufuria zake zilikuwa zimeisha dukani. Nyingine ziko kwenye boti ambayo haijatoka Kigoma. Alikuja kuomba tugawane kazi. Yaya aliniita mara tatu. Nilimsikia, nikadhani ni mtego. Basi wanawake wawili wakaiuza hazina yangu yote kabla jua halijafika utosini, na kwa bei ambayo mimi nisingethubutu kuitaja.

Shaabani aliacha salamu. Na dawa ya kupaka mgongoni.

Alhamisi, 14 Septemba

Tumeenda Katanika wote watatu, mimi, Générose na Yaya. Sikutaka, Yaya alinivuta.

Watu walikaa kwa mistari kati ya vibanda vya maturubai. Shaabani alikuwa akigawa pamoja na watu wa shirika, kofia imeloa jasho. Mama mmoja alipokea sufuria, akageuka, akamwona Yaya. Walikuwa majirani Niemba, ua kwa ua. Kila mmoja alidhani mwenzake amekufa. Walishikana, sufuria katikati yao, wakalia kwa sauti, nami nikageuka kutazama ziwa kwa sababu lilikuwa na kitu cha kutazamwa. Baadaye yule mama aliwasha moto na kutupikia uji. Ndani ya sufuria yangu. Niandike wazi: sijawahi kuwa na furaha kama hiyo katika biashara.

Njiani kurudi nilitafakari kwa kina. Yaya anasema tumeponea kwa bahati, na kwa miguu ya Shaabani. Ni mtazamo wa mtu asiyesoma mambo. Mimi nimeyapima. Shaabani alivuka barabara kwa nini? Kwa sababu hawezi kunipata kwa simu! Angenipata, angeniomba bei nafuu kwa dakika moja na kwisha. Simu isiyopokelewa humlazimisha mteja aje mwenyewe, na mteja akishafika dukani hatoki mikono mitupu.

Mwenye duka wa kawaida ana simu moja isiyopokelewa. Mimi nilikuwa na tano, nikauza sufuria mia sita kwa asubuhi moja. Mardochée anamjua mtu Kigoma mwenye mashine ya kombine kumi na mbili. Kesho asubuhi, kabla wanawake hawajaamka, naenda kuiagiza.