Keria ya Mkoloni

"Sanduku la bati haliendi Katesh juu ya baiskeli," Natalia alisema kwa mara ya tatu. "Ukiteleza kwenye tope la Nambis litakuvunja kiuno, mwalimu, na mimi ndiye nitakayekufunga bendeji."

"Mama Patriki, mwenyekiti wa msafara hawezi kubeba nguo zake kwenye gunia," Mwalimu Kasian alijibu. "Watu wa Hanang watatuonaje?"

"Watatuona tumefika. Gunia likishonwa vizuri, likaning'inizwa huku moja na huku moja, likafungwa kwa mpira wa tyubu, gharama yake ni sindano na uzi. Sanduku lako lina gharama gani? Kiuno."

Watu walicheka, isipokuwa mwenye kiuno.

Walikuwa sita kwenye mkahawa wa Bernadina pale kijijini Daudi. Mwaka huo taifa zima lilikuwa limeagizwa kujua kusoma, na hawa sita walijitolea kupeleka vitabu vya kisomo kwa baiskeli: Daudi, Haydom, kisha Katesh. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuendesha baiskeli kupita Mbulu mjini. Kwa wiki mbili walikuwa wamekubaliana jambo moja tu: asiye na keria nzima habebi vitabu, na asiyebeba vitabu haendi.

Sheria hiyo aliitunga Natalia, muuguzi wa zahanati na mama wa watoto wanne. Siku mbili baadaye keria yake ilipasuka kwenye maungio akitoka kusaga mahindi. Keria mpya dukani ilikuwa na bei ya mbuzi, na mbuzi hakuwa naye. Katika miaka kumi ya ndoa, hii ndiyo safari ya kwanza ambayo haikuwa ya msiba wala ya kuzalisha mtu. Alikuwa ameshawaeleza watoto namna ya kupika ugali bila yeye. Sasa alikuwa ameficha ule ufa kwa kitambaa, na alikuwa na hadi Jumamosi, siku ya kuondoka.

Kwenye meza ya pembeni alikaa kijana mmoja mwenye suruali ya kupigwa pasi. Alisikia neno "keria" likitajwa mara sita na neno "bei" mara kumi, akaacha chai yake ipoe. Jina alilotumia mwezi huo lilikuwa Reginald.

"Shikamoo mzee," alianza na Akonaay, mkulima mwenye mvi aliyekuwa mkubwa kuliko wote.

"Marahaba."

"Ndugu zangu, samahani kuingilia. Hizo keria zenu pale nje ni za wapi?"

"Uingereza," Kasian alisema kwa fahari. "Chuma kitupu."

Reginald alifumba macho, kama daktari aliyeona jambo baya.

"Mwaka wa tisa wa Uhuru," alisema polepole, "na ninyi mnakwenda kufuta ujinga juu ya keria ya mkoloni."

Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba keria ina siasa. Kasian, ambaye ndiye aliyefundisha siasa shuleni, aliona haya hadi masikioni.

Baiskeli ya Reginald ilikuwa na keria inayong'aa kama fedha. Alimkalisha Kasian juu yake, na Kasian hakuwa mtu mwepesi. Keria haikulia hata kidogo.

"Keria ya kujitegemea!" Reginald alisema. "Imetengenezwa na ushirika wa vijana, huku huku kwetu. Masharti ni ya kindugu: unatoa ya zamani na shilingi tano, unapata mpya. Mifuko miwili ya turubai ni nyongeza."

"Na hizo za zamani unapeleka wapi?" Akonaay aliuliza.

"Zinaharibiwa, mzee. Mbele ya mashahidi."

Natalia aliizunguka ile baiskeli mara mbili. "Nikitoa yangu ya zamani na shilingi tano, napata keria kama hii?"

"Hii hii, mama. Hakuna tofauti hata ya nati."

"Watu wote mmesikia?"

Walisikia. Kasian aliomba wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono sita ilipanda.

Jumamosi asubuhi Reginald alifika na mzigo. Alichelewa makusudi, kwa sababu mtu anayeharakishwa hakagui. Keria sita za rangi ya fedha ziligawiwa, keria sita za chuma zikaingia kwenye gunia lake, shilingi thelathini zikaingia mfukoni mwake, na yeye akaingia ndani kula chapati za shukrani kwa gharama ya mwenyekiti. Kutoka humo ilisikika hotuba kuhusu usawa.

Natalia alibaki nje. Alimimina chai kwenye mfuko wa turubai. Chai ikapita kama kwenye chujio, tena ikatoka ya kijani. Alichomoa kibanio kichwani, akakwaruza keria yake mpya. Chini ya rangi palikuwa na mti wa mkaratusi. Akakwaruza keria ya baiskeli ya Reginald. Chini ya rangi palikuwa na chuma.

Mwanamke mwingine angepiga kelele. Natalia alikwenda kuazima spana.

"Unafanya nini, Mama Patriki?" Akonaay aliuliza kutoka kwenye benchi lake.

"Nachukua mali yangu. Alisema hii hii. Na yangu naifunga hapa kwake, kwa kuwa hakuna tofauti hata ya nati."

Mzee aliangalia zile keria mbili, zote zinang'aa, zote sawa kwa macho. Akajisogeza hadi mwisho wa benchi, akauziba mlango kwa mgongo wake.

"Kaza vizuri," alisema.

Reginald alitoka akijifuta mdomo. Alipakia gunia lake zito, akalifunga kwa kamba, akawapa mkono wote, akamwambia Kasian kwamba taifa linamtazama. Kisha akapanda na kushuka mteremko wa kuelekea njia ya Karatu.

Alifika kwenye mkaratusi wa kwanza. Pale keria ilitoa mlio wa kuni zinazovunjwa kwa goti, gunia likaangukia kwenye tairi la nyuma, tairi likakwama, na Reginald akaendelea na safari bila baiskeli, umbali wa hatua nne, hadi kwenye tope.

Wote walimkimbilia kumsaidia. Walimwinua. Kisha wakaziona keria zao sita za chuma zimetapakaa barabarani, na vipande vya mti vyenye rangi ya fedha, wakamwachia akakaa tena.

"Hii siyo keria yangu!" Reginald alifoka akishika kipande. "Yangu ilikuwa ya chuma! Nimeibiwa!"

"Kumbe zina tofauti?" Natalia aliuliza.

Hapo kijana akagundua alichokisema, na mbele ya nani. Shilingi zilianza kutoka mfukoni bila kuombwa. Natalia aliukataa mkono wake.

"Yangu baki nayo. Wewe umepata keria ya zamani na shilingi tano, mimi nimepata mpya. Ni masharti yako. Ile yenye kitambaa ni yako. Ina ufa, usibebe kitu kizito."

Mwalimu Kasian alikohoa. "Ndugu wajumbe, kwa tukio la namna hii nashauri tuahirishe safari. Tukae kikao, tuunde kamati ndogo ya kuchunguza..."

"Mwalimu," Natalia alisema, "saa mbili imepita. Wanaotaka kikao wabaki hapa. Wanaotaka Haydom walete spana."

Hakungoja mikono. Alirudi juu, akapakia vitabu arobaini kwenye magunia aliyoshona mwenyewe, akakaza mpira wa tyubu, akajaribu uzito kwa kuukalia. Keria haikulia. Akakunja sketi yake, akapanda.

Alipopita kwenye kona alisikia nati zikikazwa nyuma yake kwa haraka, na sanduku la bati likiburutwa kurudishwa kwa Bernadina.